Malaika Aliyeanguka Hakupakwa Masizi

Nina ugomvi na washairi wenzangu, na kwa kuwa ugomvi unaofichwa huoza ukawa chuki, nimeona niulete barazani. Kila mara mshairi wetu wa leo anapotaka kumchora malaika aliyeanguka, hutuchorea kiumbe mweusi tii, mwenye mbawa za popo, macho mekundu, meno yaliyochongoka na cheko la bibi kizee. Kisha humpachika jina la Lusifa, akaandika chini ya shairi "Isaya 14", na kutaka tuamini kwamba nabii ndiye aliyempa rangi hizo. Nasema wazi: Isaya hakumpa. Ezekieli hakumpa. Yohana wa Patmo hakumpa. Rangi hizo tumezichota kwingine, na kuendelea kuzipaka ni uvivu wa kusoma, ni umaskini wa sanaa, na huku kwetu ni hatari kwa uhai wa watu.

Majuma machache yaliyopita alinijia hapa Murungu kijana mmoja anayesomea ualimu. Alikuja na daftari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Alitaka nimkagulie shairi lake juu ya malaika aliyeanguka. Nililisoma mara mbili. Mizani ilikuwa kamili, kumi na sita kila mshororo. Vina havikuchechemea hata mara moja. Lakini katika ubeti wa tatu malaika yule alikuwa na ngozi ya makaa na macho ya bibi mchawi aliyekesha. Nikamwuliza ameyasoma wapi hayo. Akajibu, "Katika Biblia, Mwalimu." Nikampa Biblia yangu, nikamwambia anionyeshe. Alifungua Isaya, akafungua Ezekieli, akarukia Ufunuo, akarudi Mwanzo. Chai ilipoa. Mwishowe akafunga kitabu, akasema, "Lakini Mwalimu, si kila mtu anajua Shetani yukoje?"

Jibu hilo ndilo ninaloandika kulipinga. Kila mtu anajua, na hakuna aliyesoma.

Basi tusome. Sura ya 14 ya Isaya ni wimbo wa kejeli juu ya mfalme wa Babeli. Nabii anamfananisha mfalme huyo na nyota ya alfajiri iliyotaka kupanda juu ya nyota zote, ikaishia kuporomoka hadi kuzimu. Kwa Kiebrania jina lake ni Helel, mwana wa mapambazuko. Hakuna mkia hapo, hakuna masizi, hakuna mbawa za aina yoyote. Kuna mng'ao, kuna tamaa ya kupanda, kuna anguko. Mtu wa Murungu hahitaji mfasiri ili aielewe taswira hii. Katika miezi ambayo nyota hiyo huchomoza kabla ya jua, wanawake wanaotangulia mtoni na wakulima wanaowahi mashamba ya mihogo na maharage huiona juu ya vilima, kubwa kuliko nyenzake zote. Hupanda kwa madaha. Lakini haijapata kufika utosini mwa anga usiku. Kabla haijafika, jua hutokea likaifuta, na mtu akitazama tena haoni kitu. Nabii aliitazama nyota ileile tunayoitazama sisi, akaona ndani yake mfalme mwenye majivuno.

Tusome Ezekieli, sura ya 28. Hapa anayelaumiwa ni mfalme wa Tiro, mji wa bandari uliotajirika kwa biashara. Nabii anamvika mfalme huyo mavazi ya kerubi: alikuwa katika Edeni, alifunikwa kwa vito vya thamani, alitembea katika mlima mtakatifu katikati ya mawe ya moto. Uzuri wake ukampanda kichwani. Wingi wa biashara yake ukamjaza dhuluma. Mwishowe moto ukatoka ndani yake mwenyewe ukamla. Tafadhali msomaji, tia alama hapo: moto ulitoka ndani yake. Na hapa pia hakuna weusi wala ubaya wa sura. Kosa zima la kerubi huyu ni kwamba alikuwa mzuri na akajua kuwa ni mzuri.

Katika Luka 10 Bwana Yesu anasema kwamba alimwona Shetani akianguka kutoka mbinguni kama umeme. Umeme ni nuru. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 11, Paulo anaonya kwamba Shetani hujigeuza akawa mfano wa malaika wa nuru. Nuru tena. Katika Ufunuo 12 kuna joka kubwa, na hapo nakiri kwamba pembe zipo: pembe kumi juu ya vichwa saba, na mkia unaokokota theluthi ya nyota za mbinguni. Lakini joka hilo lina rangi, na Yohana ameitaja. Ni jekundu. Katika kurasa zote nilizozitaja, rangi pekee anayopewa adui huyu ni nyekundu, na kwingineko hupewa mng'ao. Mwenye kuuona weusi humo ameuingiza mwenyewe.

Atainuka mtu aseme: na giza je? Yuda na Petro hawakuandika kuhusu malaika waliofungwa gizani? Waliandika, na hoja hiyo ni yangu. Katika Yuda aya ya 6 na katika 2 Petro 2 aya ya 4, giza ni gereza la malaika hao. Silo ngozi yao. Mtu akifungwa gerezani haigeuki rangi yake ikawa ya ukuta. Tena giza lenyewe si mali ya Shetani. Zaburi ya 18 inasema kwamba Mungu alilifanya giza kuwa maficho yake. Na mwanamke wa Wimbo Ulio Bora, katika sura ya kwanza, anatamka kwa kinywa chake kwamba ni mweusi na ni mzuri. Lugha yetu nayo inatofautisha: giza ni ukosefu wa nuru, weusi ni rangi. Wingu jeusi huleta mvua, udongo mweusi huzaa mahindi, na kichwa cheusi ni sifa ya ujana. Mshairi anayechanganya giza na weusi hajui lugha anayoiandikia.

Sasa tuulize picha ile ya popo ilitoka wapi, maana haikuota kwenye vilima vya Buha. Tuanze na jina. Mtakatifu Yeronimo, alipokuwa akitafsiri Biblia kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzoni mwa karne ya 5, aliiita nyota ya Isaya lucifer, yaani mleta nuru. Kwake halikuwa jina la pepo. Lilikuwa neno la kawaida la nyota ya asubuhi, na katika tafsiri hiyohiyo, 2 Petro 1 aya ya 19, neno hilo limetumika kwa nyota njema inayozuka mioyoni mwa waumini. Katika karne ya 4 palikuwa na askofu wa Cagliari, kisiwani Sardinia, aliyeitwa Lucifer, wala hakuna aliyemkimbia kwa sababu ya jina lake. Ni mapokeo ya baadaye yaliyoligeuza neno la nyota kuwa jina la Shetani, na Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, ya mwaka 1611, ikaliacha neno hilo la Kilatini katika Isaya kana kwamba ni jina la mtu.

Wafasiri wetu hawakuanguka katika shimo hilo. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, haina Lusifa katika Isaya. Ina nyota ya alfajiri. Watu wale walifanya kazi ya Kiswahili, wakampa msomaji wa Kiswahili taswira nzima. Miongo saba baadaye mshairi wetu anaiacha taswira hiyo iliyo mezani kwake, anakwenda kukopa jina la Kilatini lililopitia Uingereza, na anadhani amepanda daraja. Laiti angejua kwamba nyota hiyohiyo Waswahili huiita Zuhura. Ni jina la mabinti zetu. Nimewafundisha akina Zuhura si chini ya kumi katika maisha yangu ya kazi, na wote walikuwa wakileta nuru darasani, kila mmoja kwa kadiri yake.

Mbawa za popo nazo? Dante Alighieri, mshairi wa Italia wa karne ya 14, alimzamisha Lusifa wake katika barafu, akampa nyuso tatu na mbawa zisizo na manyoya, za mfano wa popo. Wachoraji wa Ulaya wa zama hizo walikuwa na mapepo ya namna hiyohiyo kwenye kuta za makanisa yao. Lakini kuna jambo ambalo wanaomwiga Dante hawajalisoma. Uso mmoja kati ya nyuso zile tatu ni mweusi, na mshairi, akitaka kutuambia ni mweusi kiasi gani, anaufananisha na nyuso za watu wanaotoka kule Nile inakoteremkia. Wafafanuzi huelewa kwamba alikusudia Waethiopia, yaani, katika lugha ya siku zile, watu weusi. Ndugu zangu, Ruvubu, mojawapo ya mito ya mbali kabisa inayopeleka maji Nile, unaanzia Burundi, ng'ambo ya mpaka wetu huu. Tumeuazima uso wetu wenyewe kutoka kwa mgeni aliyeuchora kwa jina la Shetani, tukautundika ukutani na kuuita Maandiko.

Wala simlaumu Dante. Aliandika kwa watu wake, kwa Kitaliano chao, kwa hofu zao. Na hata huko Ulaya wapo waliojua zaidi. John Milton, katika utenzi wake mkuu wa mwaka 1667, alimwachia Shetani wake mabaki ya mng'ao hata baada ya kuanguka, kwa kuwa alielewa kwamba msomaji hawezi kuuona ukubwa wa anguko asipoonyeshwa urefu wa pale alipoangukia. Kiumbe aliyezaliwa mbaya, akaishi mbaya, akaonekana mbaya, ameanguka kutoka wapi? Shairi la namna hiyo limejifuta lenyewe. Linaitwa anguko na ndani yake hamna aliyeanguka.

Nije kwa neno jingine tunalolitumia bila kulisikiliza. Katika Biblia yetu mjaribu wa Bwana Yesu huko nyikani anaitwa Ibilisi. Neno hilo tumelipokea kutoka Kiarabu, likiwa na kisa chake, na ndugu zetu Waislamu wa pwani wamekijua kisa hicho kwa karne nyingi kabla vilima vyetu havijasikia jina la Shetani. Katika Kurani, Surat Al-A'raf, Mola anawaamuru malaika wamsujudie Adamu. Wote wanasujudu isipokuwa Ibilisi. Anapoulizwa sababu, anasema kwamba yeye ni bora, kwa kuwa yeye ameumbwa kwa moto na Adamu kwa udongo. Surat Al-Kahf inamtaja kuwa ni katika majini, na hapo kisa kinaachana na mapokeo ya Kikristo ya malaika aliyeasi. Sikusudii kuzichanganya dini mbili. Naonyesha tu kwamba neno tulilolichukua limebeba hoja, na hoja yenyewe inatuhukumu. Dhambi ya Ibilisi ilikuwa kumtazama mwenzake, kumpima kwa kitu alichoumbiwa, na kumwona duni.

Hapo ndipo ninapolazimika kutoa ushuhuda dhidi ya nafsi yangu.

Katika miaka ya 1980, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya sekondari, niliandaa igizo la anguko la malaika kwa ajili ya sherehe ya mwisho wa mwaka. Nilihitaji malaika watiifu saba na malaika mwasi mmoja. Malaika watiifu niliwavika shuka nyeupe, na sasa nikiwakumbuka mmoja mmoja naona kwamba wote saba walikuwa maji ya kunde. Kwa mwasi nilimchagua msichana mweusi kuliko wote darasani. Na kana kwamba weusi wake haukutosha, nilikwangua masizi ya sufuria ya jikoni, nikayakoroga na mafuta ya mawese, nikampaka usoni na mikononi kwa vidole vyangu hivi. Kichwani nikamfunga pembe za mbuzi. Watu walicheka, walipiga vigelegele, na mimi nikapongezwa.

Msichana yule alikuwa wa kwanza katika hisabati. Tangu siku hiyo hadi alipomaliza kidato cha nne, wenzake walimwita Shetani. Kabla ya igizo aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini mimi?" Nikamjibu kwamba sauti yake ilikuwa na nguvu. Nilisema uongo, naye alijua. Siku ile, katika jukwaa zima, aliyekuwa anaiga kazi ya Ibilisi hakuwa yeye mwenye pembe. Alikuwa mwalimu mwenye masizi vidoleni, aliyesimama akipima nani ameumbwa kwa kitu bora na nani ameumbwa kwa kitu duni.

Mtasema hilo ni jeraha la mtoto mmoja, nalo limepona. Sijui mponaji wa majeraha ya namna hiyo, lakini tuliache. Kuna jeraha kubwa zaidi.

Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti, wilaya ya Kasulu, mkoa huu wetu wa Kigoma, watu saba waliuawa kwa kuchomwa moto wakituhumiwa uchawi. Watano kati yao walikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Watu 23 walishtakiwa kwa mauaji hayo. Habari hiyo ilitangazwa hadi nje ya nchi, kisha ulimwengu ukageukia mengine, nasi tukabaki na majivu. Na Murufiti haiko peke yake. Katika mikoa ya magharibi na ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa miaka mingi, na ushahidi uliotolewa dhidi yao mara nyingi ulikuwa mmoja: macho mekundu.

Macho mekundu! Kila mtu aliyelelewa kijijini anajua yanatoka wapi. Mwanamke huanza kupuliza moto akiwa na miaka sita. Hupuliza kuni mbichi wakati wa masika, hupuliza majani, hupuliza pumba, katika jiko lisilo na dirisha, asubuhi na jioni, kwa miaka hamsini na zaidi. Moshi huo ndio uliotuivishia ugali sisi sote, pamoja na wale vijana wanaobeba mapanga. Macho ya bibi yamekuwa mekundu kwa sababu tumekula. Kisha mshairi anakaa mezani, anatafuta alama ya uovu mkuu kuliko wote ulimwenguni, na kalamu yake inatua juu ya macho yale.

Nami nimekwisha kuvuka miaka sitini. Pensheni haikuninunulia jiko la gesi, napikia kuni kama majirani zangu. Asubuhi nikijitazama kwenye kioo nayaona macho ya shairi la yule kijana.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba shairi halijapata kushika kiberiti. Kwamba wauaji wa Murufiti hawakuwa na diwani mkononi. Kwamba ushairi ni jazanda na mshairi ana uhuru wake. Nakubali kwamba wauaji hawakusoma shairi. Lakini mtu hawezi kumchoma jirani yake anayemwona ni jirani. Lazima kwanza jirani huyo ageuzwe kitu kingine, na kazi ya kumgeuza mtu kuwa kitu kingine hufanywa kwa taswira. Hufanywa na michezo ya shule kama wangu, na picha za ukutani, na filamu, na mahubiri, na nyimbo, na mashairi yenye mizani kamili. Sisi tunaojivuna kwamba neno letu hujenga taifa tusijifanye wanyonge tunapoambiwa kwamba neno letu pia hubomoa. Na uhuru wa mshairi ni mkubwa, siupingi. Uhuru huo unampa haki ya kubuni. Haumpi haki ya kubuni kisha akasaini kwa jina la Isaya.

Tena tunapata hasara ya pili, ambayo washairi wangepaswa kuililia kuliko mimi. Taswira ya Biblia ilikuwa silaha mkononi mwa mnyonge. Isaya aliielekeza kwa mfalme wa Babeli, Ezekieli akaielekeza kwa mfalme wa Tiro. Wote wawili walikuwa wakubwa, wazuri, matajiri, wenye kusifiwa. Ni kweli kwamba tangu zamani, tangu siku za Origen katika karne ya 3, mababa wa Kanisa walisoma nyuma ya wafalme hao kisa cha Shetani mwenyewe, nami sina nia ya kuwapinga. Lakini hata katika usomaji huo, Shetani anaonekana pale penye kiti cha enzi na pale penye biashara ya dhuluma. Haonekani kwenye kibanda cha mjane. Sisi tumeigeuza silaha ikatazama chini. Tumemwacha mfalme wa Babeli apite salama na vito vyake, tumemshika bibi mwenye kikohozi.

Na lugha yetu haikustahili aibu hiyo, maana Kiswahili kilimjua malaika huyu kabla mshairi hajamchora. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walisema mpanda ngazi hushuka. Walisema kikulacho ki nguoni mwako. Iweke methali ya kwanza kando ya kerubi wa Ezekieli, ya pili kando ya nyota ya Isaya, ya tatu kando ya onyo la Paulo juu ya malaika wa nuru, uone zinavyokaa. Marehemu Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na Mkristo Mkatoliki, aliichukua Injili na Zaburi akazitunga kwa umbo la utenzi, umbo lililokuzwa na Waislamu wa pwani, wala hakuhitaji kuazima popo wa mtu. Njia ilikwisha kufyekwa. Ni sisi tulioicha majani yakaota.

Hivyo nawaomba wenzangu mambo matatu. La kwanza, ukitaja sura ya Biblia chini ya shairi lako, uwe umeisoma sura hiyo siku hiyohiyo, yote, si aya moja. La pili, mchore malaika aliyeanguka akiwa mzuri. Mpe nyota, mpe vito, mpe mlima, mpe ufasaha. Kisha mwonyeshe msomaji ufa mdogo unaoanzia ndani. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kupaka masizi, na ndiyo kazi tunayodai kuiweza. La tatu, yaache macho ya bibi. Ukiyahitaji katika shairi, yaandike kwa sababu yake: andika moshi, andika kuni, andika ugali.

Anayekosoa jembe la mwenzake na aonyeshe lake lilivyolima. Nimetunga beti tatu, nazo si za kujisifia:

Aliumbwa kwa uzuri, nuru ikamtandia,
Akaketi kwa fahari, moyo ukamvimbia,
Akajiona hodari, enzi akaiwania,
Si weusi, ni kiburi, nyota kilichoishusha.

Hakutoka masizini, wala pangoni kwa giza,
Alitoka mlimani, penye vito vya kung'aza,
Leo hukaa vinywani, mwa wenye kutuongoza,
Si weusi, ni kiburi, nyota kilichoishusha.

Ajuza kando ya moto, moshi u machoni mwake,
Huwapikia watoto, hao wajukuu zake,
Mshairi, shika wito, usichome jina lake,
Si weusi, ni kiburi, nyota kilichoishusha.

Kijana wangu nilimrudishia daftari siku ileile. Sikumkata alama kwa vina wala kwa mizani. Pembeni mwa ubeti wa tatu niliandika swali moja: "Huyu ni nani kijijini kwenu?" Alilisoma, akanyamaza kwa muda, akaaga kwa adabu. Hajarudi bado, nami sitamfuata. Shairi ni lake.

Ila ninyi mliozoea malumbano, uwanja nimeufungua. Anayeona nimepotoka na anijibu kwa bahari hiihii na mizani hiihii, na chini ya shairi lake aweke sura na aya ya mahali alipomwona malaika huyo akiwa mweusi. Nitasoma kila jibu, miwani ikiniruhusu.